Jibu: mashine ya steno kwa kazi ya ripoti za madaktari, ununue au uache?

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Houston: "Shikamoo dada. Mwaka wa sita sasa natype ripoti za madaktari nikiwa nyumbani, nalipwa kwa mstari. Spidi yangu ni maneno 70 kwa dakika, kwa saa natoa mistari kama 180. Kiganja cha kulia kinaniuma mpaka usiku. Nimeona mtu anauza mashine ya steno ya mtumba dola 350, alafu nikasoma waandishi wa mahakama wanafika maneno 225 kwa dakika. Ninunue? Itanisaidia au natupa hela?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na huo mkono, tutaurudia kwasababu umeutaja kama unapita tu wakati ndo kitu kikubwa kuliko vyote ulivyoandika.

Nikujibu haraka kwanza usije ukalipa kabla hujamaliza kusoma. Hiyo ya dola 350 usiinunue wiki hii. Steno yenyewe (kuandika kwa kubonyeza batani kadhaa kwa pamoja, kama waandishi wa mahakama) sikukatazi, mimi naitumia toka 2014 na siwezi kurudi nyuma, ila sababu iliyokufanya uitake sio ile itakayokulipa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mstari wa malipo ni herufi 65 na nafasi ndani yake, sawa? Ukitype maneno 70 kwa dakika bila kusimama, neno tukilihesabu herufi tano, hiyo ni herufi 350 kwa dakika, kwa saa 21,000, gawanya kwa 65 unapata mistari kama 323. Wewe unatoa 180. Kwahiyo katika saa nzima vidole vyako vinafanya kazi dakika 33 hivi, na hizo 27 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye pedali ya mguu unarudisha sauti iliyorekodiwa nyuma mara ya nne kwasababu daktari anakula chips huku anaongea, ziko kwenye kutafuta jina la dawa mpya, kwenye kuangalia kama amesema kushoto au kulia na juu alisema kulia. Mashine haigusi hizo dakika 27 hata kidogo. Sasa tuseme umeijua steno vizuri na spidi imekuwa mara mbili, 140, zile dakika 33 zinakuwa 17, ukijumlisha 27 ni dakika 44 kwa mistari ileile 180, yani kwa saa utatoa karibu 250. Sio 360 kama unavyoota. Kwa senti 7 kwa mstari (nimechukua namba tu, wewe weka yako) unatoka dola 12.60 kwa saa unaenda 17.50. Sio mbaya kabisa, ila ni baada ya mwaka au zaidi wa kujifunza, na katikati hapo kuna miezi ambayo kwenye steno utakuwa mwepesi kama mtoto wa chekechea.

Na zile 225 ulizosoma ni za kweli, huo ndo mtihani wa waandishi wa mahakama Marekani, ule wa RPR, maneno 225 kwa dakika kwa upande wa maswali na majibu ya mashahidi. Kuna mtu anaitwa Mark Kislingbury mwaka 2004 alifika 360. Lakini soma na upande wa pili wa karatasi, kufaulu RPR unatakiwa usahihi wa asilimia 95, na mwandishi wa mahakama akitoka pale anarudi nyumbani kusafisha kazi yake. Kwenye ripoti za hospitali ukipeleka kazi yenye asilimia 95 watakushukuru na kukuaga siku hiyohiyo, sisi tunadaiwa 98 kwenda juu na kosa moja la dawa linafuta mengine yote uliyopatia.

Hapo sasa ndo nataka tukae kidogo maana watu wanaouza mashine hawalisemi.

Mashine ya steno ina batani 22 na mwamba wa namba juu, yani batani moja ndefu nyembamba. Hutype herufi moja moja, unabonyeza batani kadhaa kwa pamoja kama unapiga kinanda, ukiachia ndo umepiga mpigo mmoja, na mpigo mmoja ni silabi au neno zima au hata sentensi. Mkono wa kushoto ni konsonanti za mwanzo, dole gumba ndo irabu, mkono wa kulia konsonanti za mwisho. Herufi nyingi hazipo, unazitengeneza, N ya kushoto ni T, P na H kwa pamoja, M ni P na H, L ni H na R. Neno "patient" naliandika PAEURBT, mpigo mmoja tu, hiyo AEU katikati ni sauti ya "ei" na RB ni "sh". Alafu kompyuta inaangalia kwenye kamusi yako, ikikuta PAEURBT inaandika patient. Unaandika sauti, sio spelingi. Kila kitu kinategemea kamusi.

Sasa fikiria kosa. Kwenye kibodi ya kawaida kidole kikiteleza unaandika "patiemt", kompyuta inapiga mstari mwekundu, unarekebisha, maisha yanaendelea. Kwenye steno kidole kikikosa batani moja hupati neno bovu, unapata neno lingine zima, limeandikwa spelingi safi kabisa, limevaa suti, na mkaguzi wa spelingi analisalimia na kulipitisha. Ndo hatari yake. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa najisifu kazi yangu haina mstari mwekundu hata mmoja, mpaka mkaguzi wa kampuni niliyokuwa nafanyia akanirudishia ripoti ambayo mgonjwa wa presha ya juu nimemfanya ana presha ya chini, kila mahali, mara tatu. Spelingi sahihi mara zote tatu!

Kilichonifundisha adabu ni hilo, nikaja kujua tatizo sio vidole vyangu bali kamusi, nilikuwa nimeweka hyper (juu) na hypo (chini) kwenye mipigo inayotofautiana batani moja. Toka hapo nina sheria moja tu ya kutengeneza kamusi ya hospitali: mpigo ukiukosea kidogo, kitoke kitu cha kipuuzi kinachoonekana, kisitoke kinyume chake. Saa hizi hyper naandika HAOEURP na hypo naandika HO*EP. Vidole vinakaa sehemu tofauti, irabu tofauti, na ikitokea nimeisahau ile batani ya nyota (*) kwenye hypo inatoka "hope", na "hopetension" hata ukisoma umesinzia utaiona. Fanya hivyo kwa kila jozi ya maneno yanayofanana inayokutisha. Dysphagia na dysphasia. Hydralazine na hydroxyzine. Celebrex na Celexa. Ileum na ilium ni mbaya zaidi maana zinatamkwa sawasawa, moja utumbo nyingine mfupa wa nyonga, hapo steno inakulazimisha ubuni mipigo miwili na ukumbuke ipi ni ipi. Kaa jumapili moja na orodha ya jozi zako, ni kazi ya kuchosha na ndo kazi yenyewe.

Namba ndo balaa lingine. Namba unazipata kwa kubonyeza ule mwamba wa juu pamoja na batani za herufi, na mpangilio wake kutoka kushoto kwenda kulia ni 1 2 3 4, alafu 5 na 0 kwenye dole gumba la kushoto, alafu 6 7 8 9. Ukibonyeza namba kadhaa kwa pamoja mashine inazitoa kwa mpangilio huo huo, haijui wewe umewaza ipi kwanza. Kwahiyo 140 inatoka vizuri kwa mpigo mmoja, 25 vizuri, 50 vizuri. Lakini presha ya 140/90, ile 90 ukiipiga kwa pamoja inatoka 09. Aspirini ya 81 inatoka 18. Clopidogrel 75 inatoka 57. Umeona? Dawa za moyo za kila siku, ripoti kumi kwa siku zinazo. Kuna namna ya kugeuza, kwenye kamusi nyingi unaongeza E na U kwenye mpigo, au unapiga mara mbili. Mimi dozi za kawaida nimezitengenezea mpigo wake pamoja na jina la dawa na "mg", na pale ninapokuwa na mashaka nanyoosha mkono kwenye kibodi ya kawaida naandika namba kwa kidole, sioni aibu. Na 0.5 hakikisha kwenye kamusi yako inatoka na sifuri ya mbele siku zote na 1 isitoke kamwe kama 1.0, unaijua ile orodha ya Joint Commission (wale wanaokagua hospitali Marekani) ya vifupisho visivyotakiwa, basi steno ni nzuri hapo kwasababu ukishaiweka sawa kwenye kamusi mara moja hukosei tena maisha. "Units" kwa mfano, kwangu haiwezekani kutoka kama U, hata nikitaka.

Majina ya wagonjwa na ya madaktari pia natype kwa kibodi ya kawaida. Steno ina namna ya kuandika herufi moja moja lakini jina la Kipolandi lenye z tatu, aah, nani ana muda huo.

Turudi kwenye hiyo mashine ya dola 350. Hujaniambia modeli. Za zamani kabisa zinatoa karatasi tu, ile ndefu nyembamba inayojikunja, haziongei na kompyuta, hiyo ni pambo la sebuleni. Zinazofuata zina tundu la siriali nyuma, mfano Stentura 400 SRT, hizo zinafanya kazi ukinunua waya wa kubadilisha kwenda USB, ila betri zake mara nyingi zimekufa na wino umekauka (wino huuhitaji). Muulize muuzaji swali moja: inatoa mipigo kwenda kompyuta papo hapo, ndio au hapana, na akutumie video. Akianza kukuzungusha achana naye. Alafu mashine peke yake haitoshi, unahitaji programu ya kutafsiri. Za waandishi wa mahakama, Case CATalyst, Eclipse, ni hela nyingi na vitu vyake vingi ni vya mahakama, hutavitumia. Za kwako wewe ni Plover, ya bure kabisa, ilianzishwa na mwandishi wa steno wa New York anaitwa Mirabai Knight pamoja na waprogramu wa kujitolea, inakuja na kamusi ya Kiingereza ya maneno zaidi ya laki moja na inaandika kwenye dirisha lolote kama vile unatype.

Ndo maana nakwambia usilipe bado. Plover unaweza kuijaribu kwa kibodi tu, mradi iwe ile inayokubali batani nyingi kubonyezwa kwa pamoja, za wacheza gemu nyingi zinakubali, ya laptopu yako huenda isikubali maana ukibonyeza sita saba baadhi zinamezwa. Jaribu mwezi mmoja, nusu saa kwa siku, asubuhi kabla ya kazi. Ukiona unaipenda nunua kimashine kidogo cha watu wa Plover, kuna vya dola mia na kidogo, batani zake nyepesi kuliko hizo mashine kuukuu, na kwa mkono wako wepesi ndo muhimu. Ukiona huipendi umepoteza mwezi tu na hujapoteza 350.

Mambo mawili ya Plover kwenye kazi yetu. La kwanza, ina tabia ya kuandika neno, alafu ukiongeza mpigo ikagundua ulikuwa unajenga neno refu inafuta na kuandika upya, kwa haraka hata huoni. Lakini kama mteja wako anakufungulia mfumo wake kwa mbali kupitia intaneti na mtandao unasuasua, hizo futa-andika zinagongana na herufi zinaliwa. Mimi nilipata mteja wa hivyo, nikaishia kufanya kazi zake kwa kibodi miezi minane. Usiandike pembeni kwenye faili lako ukabandika bila kuruhusiwa na mteja, hizo ni taarifa za mgonjwa na HIPAA, sheria ya Marekani ya kuzilinda, haina utani. La pili linahusiana na hilohilo: Plover ina sehemu ya kutunza logi ya mipigo yako, ingia kwenye mipangilio uhakikishe imezimwa, la sivyo unajikuta una nakala ya ripoti za watu kwenye kompyuta ya nyumbani anayochezea mtoto. Na kama kompyuta ni ya kampuni, omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuweka programu yoyote.

Kwenye kujifunza sitakudanganya. Shule za waandishi wa mahakama watu wanakaa miaka miwili mitatu na wengi wanaacha njiani. Wewe huhitaji 225, unahitaji kupita 70 yako kwa usahihi, hilo kwa mtu mwenye nidhamu mwaka unaweza kutosha. Usiguse kazi ya malipo na steno mpaka uwe umefika 60 safi, alafu anza na ripoti moja kwa siku, ya daktari anayeongea taratibu, yule mmoja kila mtu anampenda. Vichwa vya ripoti kwanza, PAST MEDICAL HISTORY na wenzake, kila kimoja mpigo mmoja pamoja na kuruka mstari na herufi kubwa. Alafu viambishi, "itis", "ectomy", "emia", unaviweka kwenye kamusi na alama ya kuviunganisha na neno lililotangulia, ukishakuwa na viambishi hamsini hivi maneno ya hospitali yanajijenga yenyewe.

(Kuna mtu ataniuliza kuhusu Kiswahili. Hapana. Silabi zetu zinaisha na irabu, kwahiyo mkono wa kulia wote unakaa bila kazi, "nitakupigia" ni mipigo sita. Inahitaji mpangilio wake kabisa.)

Lakini kabla ya yote hayo kuna kitu kinaitwa programu ya kupanua vifupisho, na sijui kwanini hujakitaja, labda unacho. Unaandika "htn" inatoka hypertension, "tpw" inatoka The patient was. AutoHotkey ni ya bure, Instant Text ya kulipia. Miezi miwili unaona tofauti kwenye malipo, kwa kibodi hiyohiyo, bila kujifunza upya kuandika. Kama huna, anza hapo kesho. Sheria ya jozi inafanya kazi na huko pia, usiweke "hpt" na "hpo" halafu ukalaumu macho.

Sasa mkono. Steno inapunguza safari za vidole sana, ripoti ambayo ningebonyeza batani elfu kadhaa moja moja napiga mipigo mia kadhaa, na mimi mabega yangu yaliacha kulalamika. Lakini inabana pia, vidole vinashuka kadhaa kwa pamoja, na kama kinachokuuma ni mshipa wa fahamu kwenye kiganja, kubadili mashine sio tiba. Usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi? Unaamka unakung'uta mkono? Wewe ripoti za hivyo umeandika ngapi, unajua zinavyoisha. Nenda ukaonekane mwezi huu huu, hizo 350 kama bima haifuniki ndo matumizi yake.

Na mwisho nikuulize swali na mimi. Katika hiyo mistari 180 mingapi unaandika kutoka mwanzo na mingapi ni kusahihisha kilichoandikwa na kompyuta? Maana kazi inaelekea huko, Microsoft aliinunua Nuance, wale wenye Dragon, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ikakamilika 2022, na sasa akili mnemba inasikiliza daktari akiwa na mgonjwa na kuandika yenyewe. Kazi ya kusahihisha inalipwa mara nyingi karibu nusu ya ile ya kuandika, na humo steno haikusaidii sana kwasababu huandiki, unatembeza mshale na kubadili neno moja hapa moja pale. Ukijifunza steno miaka miwili ili uje usahihishe makosa ya kompyuta kwa nusu bei, utanichukia.

Kwahiyo kama utaipenda huo mwezi wa majaribio, ielekeze kwingine. Kuna kazi inaitwa CART, unamwandikia mtu kiziwi papo hapo kinachosemwa darasani, na wanafunzi viziwi wa unesi na udaktari wanahitaji mwandishi anayejua cholecystectomy ni nini bila kushtuka. Waandishi wengi wa steno wanajua mahakama, hospitali hawaijui. Hata mahakamani kwenyewe daktari akija kutoa ushahidi wanatokwa jasho. Wewe miaka sita ya masikio hayo tayari unayo, kinachokosekana ni vidole tu. Hiyo ndo sababu ambayo ningenunua mashine mimi, na huko ndo utazihitaji hizo 200 na kitu kweli kweli.

Niandikie modeli ya hiyo ya 350 na jina la programu unayofanyia kazi, na uniambie mkono umesemaje hospitali.